Vipimo Visivyo na Majina: Kutambua na Kurekebisha Hitilafu za Nakala Rudufu za Kanzidata ya Wagonjwa

Asubuhi ya Jumatatu, katika kliniki ya magonjwa ya muda mrefu ya hospitali moja ya wilaya, wagonjwa wameketi kwenye mabenchi tangu saa kumi na mbili na nusu. Muuguzi wa mapokezi anawasha kompyuta, anaandika namba ya mgonjwa wa kwanza, na skrini haileti kitu. Diski ya seva imekufa mwishoni mwa juma. Mganga mfawidhi hana hofu kubwa, kwa kuwa kila usiku seva ilikuwa ikitengeneza nakala rudufu na kuiandika moja kwa moja kwenye flashi iliyochomekwa nyuma yake. Fundi wa TEHAMA anaichomoa flashi, anaipeleka kwenye kompyuta nyingine na kutoa amri ya kurejesha. Baada ya muda mrefu amri inakoma kwa ujumbe mmoja wa kosa. Mfumo hauwaki. Fundi anapochungulia ndani ya kanzidata anakuta mamilioni ya vipimo, yaani uzito, shinikizo la damu, sukari na wingi wa virusi, lakini hakuna jina la mgonjwa hata mmoja.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya somo, ila kila hitilafu iliyomo ni ya kweli na inajulikana kwa mafundi wa mifumo ya tiba. Mfumo unaochukuliwa hapa kuwa mfano ni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kubuniwa mwaka 2004, ambayo Eldoret nchini Kenya palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuitumia. Kwa desturi mfumo huo huhifadhi data zake katika kanzidata ya MySQL.

Jambo lililo hatarini si kompyuta. Mgonjwa wa kifafa ambaye dozi yake ilipandishwa mwezi uliopita, akiulizwa anatumia nini, hujibu kwamba ni vidonge vyeupe viwili asubuhi na kimoja jioni, na dawa za kifafa zenye umbo hilo si moja. Mgonjwa aliyewahi kuvimba uso baada ya kuchomwa penisilini huenda asikumbuke jina la dawa hiyo. Kwa anayeishi na VVU, tarehe ya kupima tena wingi wa virusi ndiyo inayoamua kama dawa zinafanya kazi au zimeshindwa. Mambo haya yote yamo ndani ya faili moja, na faili hilo limekataa kusomeka.

Daftari linalonakiliwa na daftari linalobebwa

Nakala rudufu za kanzidata ni za namna mbili kuu. Ya kwanza hufanana na karani anayenakili daftari la wagonjwa ukurasa baada ya ukurasa. Programu husoma kila jedwali na kuandika maelekezo ya kulijenga upya: tengeneza jedwali lenye sehemu hizi, kisha ingiza mistari hii. Kwa MySQL kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo mysqldump, na zao lake ni faili la maandishi ambalo kwa kawaida hupewa kiambishi cha .sql. Namna ya pili ni kulibeba daftari lenyewe, yaani kunakili mafaili ghafi ambamo seva huweka data.

Namna ya pili ina mtego ambao umewanasa wengi. Fundi hunakili folda nzima ya data ilhali seva inaendelea kufanya kazi, jambo lililo sawa na kumpokonya karani daftari akiwa katikati ya sentensi. Sehemu ya taarifa bado imo katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nyingine imeandikwa nusu. Folda hiyo ikiwekwa kwenye seva mpya huenda isiwake kabisa, na pengine ikawaka ikiwa na majedwali yasiyokubaliana. Seva haina budi kusimamishwa kwanza, au zitumike zana zilizoundwa mahsusi kwa kazi hiyo.

Kuna na namna ya tatu ambayo kwa hakika si nakala rudufu, ingawa katika vituo vingi huitwa hivyo: orodha ya wagonjwa iliyotolewa kwenye mfumo na kuhifadhiwa katika Excel. Programu hiyo huondoa sifuri za mwanzo wa namba, kiasi kwamba namba ya simu inayoanza na 07 hubaki ikianza na 7, na namba ya kliniki 00412 huwa 412. Aidha, haiwezi kutunza zaidi ya tarakimu 15 za namba. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari na faili likafunguliwa na kuhifadhiwa kwa Excel, tarakimu tano za mwisho hugeuka kuwa sifuri wala haziwezi kurudi. Hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa.

Mstari wa kwanza na mstari wa mwisho

Fundi anayekabiliwa na faili linalokataa hana budi kuanza kwa swali dogo: hili ni faili la aina gani? Kiambishi kilicho mwishoni mwa jina hakitoshi kulijibu, kwa sababu mtu yeyote anaweza kukibadili. Jibu limo katika herufi za mwanzo za faili lenyewe. Faili la mysqldump kwa kawaida huanza kwa mstari wa maelezo unaotaja MySQL au MariaDB pamoja na toleo lake. Faili lililobanwa kwa gzip huanza kwa baiti mbili ambazo kwa tarakimu za kimashine huandikwa 1F 8B. Faili la zip huanza kwa herufi PK, na nakala ya PostgreSQL ya muundo maalumu huanza kwa herufi PGDMP. Kwenye Linux, amri iitwayo file hufanya uchunguzi huu na kutoa jibu kwa mstari mmoja.

Uchunguzi huu wa dakika moja hutatua sehemu kubwa ya malalamiko. Faili lililopewa jina la kuishia na .sql huenda likawa limebanwa, na mtu akabadili jina lake pasipo kulifumua. Seva ikilisoma kana kwamba ni maandishi hutoa kosa la sarufi katika mstari wa kwanza kabisa, na fundi hupoteza siku nzima akitafuta kosa ndani ya majedwali.

Zipo hali ambapo mstari wa kwanza wenyewe ndio tatizo. Tangu katikati ya mwaka 2024, matoleo mapya ya MariaDB huweka juu kabisa ya faili mstari wa tahadhari wenye namba 999999, kwa ajili ya usalama. Programu za zamani za kusoma hazimfahamu mgeni huyo. Husimama hapo hapo zikidai kwamba zimekutana na amri isiyojulikana. Data zote ziko salama. Kuondoa mstari huo mmoja, tena katika nakala na si katika faili asilia, au kutumia programu mpya ya kusoma, kunatosha.

Mstari wa mwisho una thamani kubwa zaidi. Programu ya mysqldump ikimaliza kazi yake salama huandika, katika mpangilio wake wa kawaida, maneno "Dump completed" pamoja na tarehe na saa. Faili lisilo na mstari huo linapaswa kudhaniwa kuwa limekatika mpaka ithibitike vinginevyo. Amri ya tail huonyesha mistari ya mwisho hata ya faili kubwa sana kwa muda mfupi. Katika hospitali ya mfano, fundi alipoitumia alikuta faili likiishia katikati ya neno.

Namba 4,294,967,295

Ukubwa wa faili lile ulikuwa baiti 4,294,967,295 kamili. Namba hiyo si ya bahati. Ndiyo kikomo cha faili moja katika mfumo wa FAT32, yaani gigabaiti nne kasoro baiti moja, na FAT32 ndio mfumo unaokuja katika flashi nyingi zinazouzwa madukani. Flashi yaweza kuwa na nafasi ya gigabaiti 32, lakini hakuna faili moja litakaloruhusiwa kupita kikomo hicho. Mtu anayenakili faili kubwa kwa mkono kwenye Windows huonywa mapema na kukataliwa. Amri inayoandika moja kwa moja wakati wa usiku haionywi mapema. Huandika mpaka inagota ukutani. Katika Linux hutoa kosa namba 27, lenye maana kwamba faili limekuwa kubwa kupita kiasi. Namba 28 ingemaanisha kwamba nafasi kwenye diski imekwisha.

Kosa hilo, basi, lilitolewa kila usiku. Halikuwa na msomaji, kwa sababu amri ilipangwa kujiendesha yenyewe saa nane za usiku, na majibu yake yaliandikwa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupafungua.

Hapa yafaa kueleza kwa nini vipimo vilipona na majina yakapotea, kwa maana jambo hili lina utaratibu wake. Programu ya mysqldump huandika majedwali kwa mfuatano wa alfabeti. Katika OpenMRS jedwali la mizio huitwa allergy, la dozi za dawa drug_order, la mahudhurio encounter, la vipimo na majibu obs. Yote hayo yako mbele katika alfabeti. Baada ya obs hufuata orders, patient, patient_identifier, person, person_name, kisha huko mwisho users na visit. Jedwali la obs kwa kawaida ndilo kubwa kuliko yote, nalo hukua kila siku. Kadiri linavyokua ndivyo linavyowasukuma waliomo nyuma yake kuelekea ukutani. Usiku wa kwanza faili linapogusa kikomo hukatika jedwali la mwisho tu. Miezi inavyopita, mkato hurudi nyuma, ukimeza watumiaji, majina, namba za kliniki na wagonjwa wenyewe.

Katika mfano huu mkato ulikuwa umefika mwanzoni mwa orders. Matokeo yake yanastahili kuangaliwa na kila mtoa huduma, hata asiyependa kompyuta. Jedwali la drug_order lilikuwa zima, likiwa na kila dozi iliyoandikwa. Lakini dozi hiyo hufungamanishwa na mgonjwa kupitia jedwali la orders, ambalo halipo. Hivyo kulikuwa na miligramu 200 mara mbili kwa siku, na haikujulikana ni za nani.

Yupo anayeweza kuuliza kwa nini seva haikugoma kupokea vipimo vya watu wasiokuwepo. Sababu ni kwamba faili la mysqldump huanza kwa kuzima ukaguzi wa mafungamano kati ya majedwali, ili mfuatano wa alfabeti usilete vikwazo wakati wa kurejesha. Ni uamuzi wa busara kwa faili zima. Kwa faili lililokatika, huondoa mlinzi aliyepaswa kupiga kelele. Hata ule mwisho uliokatika hauleti kosa nyakati zote: mkato ukiangukia ndani ya maneno yaliyofungwa kwa alama za nukuu, programu ya kusoma huweza kuyaacha na kumaliza kimya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tiba ya hitilafu hii si ghali. Flashi au diski ya nje ifomatiwe kwa mfumo usio na kikomo hicho, kama vile exFAT au ext4. Afadhali zaidi faili libanwe kwa gzip linapoandikwa, kwani maandishi ya kanzidata hupungua sana yanapobanwa. Hata hivyo kubana nako kuna mtego. Amri mbili zinapounganishwa, ya kwanza ikitoa data na ya pili ikibana, kompyuta kwa kawaida huripoti mafanikio ya ile ya pili peke yake. Mysqldump ikishindwa kuingia kwa sababu nywila imebadilishwa, gzip itabana hewa tupu kwa ufanisi kamili na kutoa faili la baiti 20. Faili hilo litafaulu jaribio la gzip -t, kwa sababu kama faili la gzip halina kasoro. Halina tu mgonjwa ndani yake. Hati ya amri sharti iagizwe kujali kushindwa kwa kiungo chochote, na katika bash agizo hilo huitwa pipefail.

Herufi zilizojaa sifuri

Katika vituo vinavyotumia Windows, hitilafu nyingine hujitokeza kwa sura ya faili lililokaribia kuwa mara mbili ya ukubwa wake wa kawaida. Chanzo chake ni kutoa nakala katika dirisha la PowerShell kwa kutumia alama ya mshale >. Katika PowerShell ya kawaida ya Windows, alama hiyo hubadili maandishi kuwa ya mfumo wa UTF-16, ambao hutumia baiti mbili kwa herufi moja, na MySQL haikubali kusoma faili la namna hiyo. Likifunguliwa kwa macho huonekana sahihi kabisa, na hapo ndipo fundi anapochanganyikiwa. Likichunguzwa baiti zake huanza na FF FE. Ikiwa seva asilia bado i hai, njia salama ni kutoa nakala upya kwa kuiagiza mysqldump yenyewe iandike faili, kupitia chaguo la --result-file. Ikiwa seva imekwisha kufa, faili laweza kugeuzwa kuwa UTF-8 kwa zana kama iconv, ingawa herufi zisizo za kawaida huenda zikawa zimeharibika tayari.

Majina mengi ya Afrika Mashariki huandikwa kwa herufi za kawaida na hivyo hupona. Yanayoteseka ni majina yenye ritifaa, kama Ng'wandu au Nang'oma, pale yanapoandikwa kwa simu inayopenda kuweka ritifaa iliyopinda. Ritifaa iliyonyooka haina shida. Iliyopinda, ikisomwa kwa mfumo wa herufi usio wake, hugeuka kuwa â€™, na mgonjwa akitafutwa kwa jina lake haonekani. Muuguzi hudhani ni mgonjwa mpya, humfungulia faili la pili, na tangu siku hiyo mtu mmoja huwa na historia mbili, mzio ukiwa katika moja na dawa katika nyingine.

Faili zima, seva isiyolielewa

Yapo mafaili yasiyo na kasoro ambayo hukataliwa kwa sababu ya umri wa seva. Nakala iliyotolewa kwenye MySQL 8.0 hutaja mpangilio wa herufi uitwao utf8mb4_0900_ai_ci. Seva ya MySQL 5.7 haiufahamu na husimama. Nakala ya SQL Server, yenye kiambishi cha .bak, hairudi kamwe kwenye toleo la nyuma ya lile lililoitoa. Fundi mwenye busara huandika, pembeni ya kila nakala, toleo la seva iliyoitoa, maana siku ya msiba huenda aliyesimika seva ya kwanza ameshahamishwa.

Mfumo wa DHIS2 wa Chuo Kikuu cha Oslo, unaobeba takwimu za afya za kitaifa katika nchi nyingi zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, hutumia PostgreSQL. Huko programu ya pg_dump hutoa ama maandishi, yanayorejeshwa kwa psql, ama muundo maalumu, unaorejeshwa kwa pg_restore. Anayekosea njia huelezwa waziwazi na programu yenyewe, jambo ambalo ni la kushukuru. Lisiloelezwa ni kwamba faili la mipangilio, dhis.conf, haliko ndani ya kanzidata, nalo ndilo lenye ufunguo wa siri unaofungua baadhi ya taarifa zilizofumbwa. Hali kadhalika katika OpenMRS, picha na viambatisho hukaa kwenye folda nje ya kanzidata. Nakala ya kanzidata peke yake hurudisha jina la picha bila picha.

Tofauti ya matoleo imewahi kuiumiza hata kampuni ya teknolojia. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa makosa folda ya data ya PostgreSQL kwenye seva kuu. Nakala za kila siku hazikuwepo: zana ya pg_dump iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali seva ilikuwa ya 9.6, ikawa inashindwa kila mara. Barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Walichookolewa nacho ni picha ya diski iliyochukuliwa takribani saa sita kabla. Kampuni yenyewe ilitangaza mkasa huo hadharani kwa kina, na kwa kufanya hivyo imewafundisha mafundi wengi kuliko kitabu.

Kabla ya kutoa amri yoyote ya kurejesha

Faili la mysqldump hubeba ndani yake agizo la kufuta kila jedwali lililopo kabla ya kulijenga upya. Likipakiwa kwenye kanzidata inayofanya kazi, kazi ya leo hufutika ili kupisha kumbukumbu za jana. Na faili likiwa limekatika, hufutika hata kile kilichokuwa kizima. Kwa hiyo kurejesha kokote kuanzie kwenye kanzidata tupu, katika kompyuta ya pembeni, kwa kutumia nakala ya faili na si faili lenyewe. Flashi pekee iliyobaki isiandikwe kitu. Shinikizo la foleni nje ya mlango ni kubwa, na mganga mfawidhi anayemwambia fundi "jaribu tu tuone" anaweza bila kujua kuamuru hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Jaribio la kurejesha halikamiliki kwa mfumo kuwaka. Karani wa masijala anafaa zaidi kuliko fundi kulithibitisha. Achukue kabatini mafaili machache ya karatasi, ya zamani na ya juzi, yakiwemo ya wagonjwa wenye herufi za mwisho za alfabeti na wenye ritifaa katika majina, alinganishe mahudhurio ya mwisho, dozi na mizio. Idadi ya wagonjwa ilinganishwe na ya mwezi uliotangulia. Kazi hii ikifanywa mara moja kwa mwezi, mkato wa hospitali ya mfano ungegunduliwa ulipokuwa bado kwenye jedwali la mwisho.

Kuhusu siri ya mgonjwa, faili la .sql ni maandishi yanayosomeka na yeyote: jina, kijiji, majibu ya VVU. Fundi aliyekwama hushawishika kulituma faili zima kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wenzake ili asaidiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kitendo hicho ni uvunjaji wa siri hata kama nia ilikuwa njema. Kwa msaada hutosha kutuma ujumbe wa kosa, mistari michache ya mwanzo isiyo na data ya mtu, ukubwa wa faili na matoleo ya seva. Nakala zinazotoka nje ya jengo zifungwe kwa nywila, na nywila hiyo ijulikane kwa watu wasiopungua wawili, maana faili lililofungwa ambalo mwenye nywila amefariki halina tofauti na diski iliyoungua.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kadi ya kliniki iliyoandikwa dozi, tarehe na mzio ni nakala rudufu iliyo nje ya jengo, na ana haki ya kumwomba muuguzi aijaze kila anapohudhuria hata kama kompyuta imekwisha kuandika. Pakiti ya dawa ya mwisho isitupwe kabla ya kuja kliniki.

Kazi iliyobaki mezani

Katika hospitali ya mfano flashi ilitunza nakala za siku saba tu, zote zikiwa zimekatika. Nakala nzima ya mwisho ilipatikana kwenye diski ya nje iliyotumika miezi minne nyuma, wakati seva ilipofanyiwa matengenezo, nayo ilikuwa na mstari wa "Dump completed". Fundi aliirejesha kwenye kompyuta ya pembeni, kisha katika kanzidata ya pili akapakia faili lililokatika. Kutoka la kwanza yalipatikana majina. Kutoka la pili mahudhurio na vipimo vyote hadi Ijumaa. Kwa wagonjwa waliosajiliwa kabla ya miezi minne, pande mbili zilishikana kwa namba ya ndani ya mfumo, na mizio yao ikarudi nzima.

Dozi zilizobadilishwa katika miezi hiyo minne hazikushikana na mtu. Zilitafutwa upya kwenye kadi za wagonjwa na katika rejista ya dirisha la dawa, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na mfamasia akatia saini kila moja kabla haijaingizwa.

Wagonjwa wapya ndio waliokuwa wagumu. Kulikuwa na mstari wa kipimo, kwa mfano uzito wa kilo 61 na shinikizo la 150 kwa 95, tarehe fulani, bila jina. Karani alifungua rejista ya karatasi ya tarehe hiyo na kutafuta nani alipimwa hivyo. Mara nyingi alikuwa mmoja tu, na jina likarudi mahali pake. Walipokuwa wawili wanaofanana, hakuna aliyeruhusiwa kubahatisha: mistari yao iliwekewa alama ya kutotumika, na wagonjwa wote wawili wakaitwa kupimwa upya.